Ratiba ya Juma Moja Morogoro

Ratiba ya safari ile niliichora kwa rula kwenye karatasi ya fulskepu, kama ninavyochora ratiba za shule ninayoiongoza hapa Bariadi. Ilikuwa likizo ya Juni, na binti yetu wa pekee alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Morogoro. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa akituomba twende kumtembelea.

"Njooni hata juma moja tu, baba," alikuwa akisema kwenye simu. "Mlima unaanzia nyuma ya bweni letu. Asubuhi huuoni kwa mawingu, ukitoka darasani unaukuta umesimama mbele yako."

Sikuwa na ushahidi wa kosa lake lolote, na sharti niliseme hilo mapema. Nilikuwa na picha moja aliyotutumia, amekaa na wenzake kwenye ngazi za maktaba, anacheka sana. Nilikuwa pia na maneno ya mwalimu mwenzangu, kwamba mabinti wa vyuoni wana maisha mawili, moja la kuwaonyesha wazazi. Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko picha.

Marehemu baba yangu, kule Nkololo, aliwakabidhi jamaa zake baadhi ya ng'ombe wamtunzie, kama walivyofanya Wasukuma wengi wenye mifugo. Mtunzaji alikunywa maziwa, ng'ombe na ndama wakabaki kuwa mali ya mwenyewe. Alipotaka kuwakagua, baba alituma habari kwamba angefika siku fulani, kisha akafika siku tatu au nne kabla, asubuhi, mifugo ikiwa bado zizini. Nilifuatana naye mara nyingi, na niliuona ule kuwa werevu mkubwa.

Basi nami nikamwambia binti yangu kwamba tungefika Alhamisi jioni, nikakata tiketi mbili za Jumapili. Jumatatu alfajiri ningekuwa nimesimama mlangoni pa bweni.

Mke wangu aliiona ratiba siku mbili kabla ya safari. Alikuwa jikoni akifunga matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa ambavyo binti yetu alivipenda kuliko keki. Alifuta mikono, akaisoma karatasi yote taratibu.

"Jumanne saa nne, mshauri wa wanafunzi," alisoma kwa sauti. "Jumatano, msimamizi wa bweni. Na mtoto tunamwona lini, Mwalimu? Au naye atakaa kwenye benchi asubiri zamu yake?"

"Tutamwona kila siku."

"Hapa umeandika Jumatatu. Jana nimekusikia kwenye simu ukimwambia Alhamisi."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa utulivu, hata nikamtaja baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Kwa hiyo tumemkopesha Morogoro mtamba wetu, sasa tunakwenda kuhesabu mbavu."

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mimi siendi kumvizia mwanangu. Twende Alhamisi kama ulivyomwambia, tufike kama watu. Ukitaka Jumapili, nenda, lakini nitampigia simu nimwambie uko njiani."

Ningeweza kukubali pale pale. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, kubadilisha tarehe kwenye tiketi. Lakini nilikuwa nimezoea kutobadilisha ratiba kwa sababu ya manung'uniko ya mtu, na ukaidi huo niliuita msimamo. Nikasema siendi kabisa. Nilitazamia kwamba naye angebaki. Alibadilisha tiketi yake, na Alhamisi kabla ya jua kuchomoza alipanda basi na mfuko wake wa matobolwa.

Alirudi baada ya juma moja, midomo imekauka kwa baridi ya kule. Hakunisimanga. Alinisimulia mito inayoteremka katikati ya mji, na bibi aliyewauzia ndizi na kukataa kuamini kwamba kwetu hakuna mlima. Kisha akatoa kwenye pochi kikaratasi chenye mhuri, akaniwekea mezani.

Kilikuwa kibali cha mgeni cha kuingia maktaba ya chuo, siku nzima ya Jumatatu. Majina yangu matatu yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wa binti yangu.

"Alikwenda kukiomba mara tatu," mke wangu alisema. "Alimwambia mkutubi kwamba baba yake amesoma vitabu vyote vilivyopo Bariadi, sasa yeye anataka kumwonyesha vingine. Alikuwa amekuchagulia hata meza, ile ya dirishani inayotazama mlima."

Nilikisoma kibali mara mbili. Kisha nikauliza alichomwambia juu ya kutokwenda kwangu.

"Nilimwambia mguu unakuuma. Ulitaka nimwambie nini?"

Tangu siku ile, kila alipopiga simu, binti yangu aliuliza kwanza habari za mguu. "Unaendelea vizuri, mayu," nilimjibu, kwa neno letu la Kisukuma la kumwita binti kwa upendo. Hakutualika tena tukakae juma zima. Alisema hataki kunitesa kwa safari ndefu.

Tulikwenda Morogoro Novemba iliyopita, siku ya mahafali yake, tukalala usiku mmoja tu. Mvua ilinyesha mchana kutwa, mlima sikuuona. Alituonyesha maktaba kwa nje, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imefungwa. Tulipozifikia ngazi zake, zile za kwenye picha, alinikabidhi shada lake la maua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Taratibu, baba. Tanguliza mguu ule mzima."

Mke wangu alitazama pembeni. Nami, niliyewasimamisha watoto wa watu mstarini kwa uongo mdogo kuliko ule, nilimwegemea binti yangu nikachechemea mpaka ngazi ya juu.