Pikapu Iliyovuta Kushoto

Simama kidogo, ndipo utanielewa vizuri. Elekeza vidole vya mguu wa kulia mbele sawasawa, kisha vya mguu wa kushoto vigeuze nje kidogo tu, kiasi ambacho mtu wa mbali hawezi kuona. Sasa tembea. Utafika unakokwenda, lakini nyonga itauma, soli moja italika upande, na kila hatua itakubidi ujirudishe njiani. Magurudumu ya mbele ya gari nayo ni hivyo hivyo. Yasipokaa sawa, gari linakwenda, ila dereva anafanya kazi mbili: kuliendesha, na kulikataza lisiende linakotaka. Mafundi wanaita alaimenti. Ni jambo jepesi, na kama umesimama ukajaribu hapo ulipo, tayari umelielewa. Mimi lilinichukua miezi mingi, kwa sababu kila aliyenizunguka alinieleza kwamba kilichopinda ni mimi.

Nilifika Minneapolis katikati ya miaka ya tisini, kumfuata mume wangu aliyekuwa amemaliza chuo na kupata kazi ya uhasibu. Watanzania wenzetu wengi waliendesha mikweche iliyokohoa asubuhi za baridi. Yeye alikuwa na pikapu karibu mpya, ya kijani, yenye harufu ya dukani bado. Pikapu ile ilimpa cheo. Aliyehama kutoka maghorofa ya Cedar-Riverside alimwita abebe vitanda. Aliyefika kutoka nyumbani alipelekwa kwake kufundishwa kuendesha, hasa kuendesha kwenye theluji. Na aliyeteleza theluji yake ya kwanza akagonga kitu, mume wangu alimwigiza mbele za watu kwenye kila karamu, mpaka mwingine ateleze.

Nilipata kazi katika nyumba ya wazee huko Woodbury, zamu ya alfajiri. Basi la saa hiyo halikuwepo, kwa hiyo nilipewa lifti na Mkenya mmoja niliyefanya naye kazi, mama mwenye gari dogo kuukuu na maneno machache. Lakini alikuwa anahamia kazi ya hospitalini kabla ya Krismasi. Msimamizi aliniambia waziwazi kwamba nafasi ni yangu endapo nitaweza kufika mwenyewe. Nikipata leseni, ninabaki na kazi. Nisipopata, ninarudi kukaa ndani ninasubiri mume aingie.

Tulianza Jumamosi asubuhi, kwenye maegesho ya duka moja kubwa huko Bloomington kabla halijafunguliwa, kisha tukatoka barabarani. Hapo shida ikaanza. Kila nilipotulia, pikapu ilisogea kushoto, kwenye mstari wa njano, kwenye magari yanayokuja. Unajua kwamba nyumbani tunaendesha kushoto na kule wanaendesha kulia. Basi maelezo yalikuwa tayari, hayahitaji hata kutafutwa.

"Mikono yako bado iko nyumbani," mume wangu alisema.

Nilimkumbusha kwamba nyumbani sikuwahi kushika usukani. Shuleni nilikwenda kwa miguu, kazini kwa miguu, na kanisani kwa miguu. Akajibu kwa upole wa mwalimu kwamba mwili hujifunza hata ukiwa abiria. Nikakubali. Kwa kuwa sijawahi kuendesha gari jingine lolote, ningelilinganisha na nini?

Kwenye karamu zetu za Jumapili alikuwepo mtani wake. Kabila la bwana yule na la mume wangu ni watani tangu enzi za mababu, na kwa ndoa utani ule ulinifikia na mimi. Mtani hukwambia lolote, hata msibani, na sheria yake ni moja: ukikasirika, aliyekosa ni wewe. Bwana yule alisikia habari za mikono yangu akazigeuza mchezo. Alishika sahani kama usukani, akainama kushoto polepole, macho ameyatoa, mpaka akaanguka mapajani mwa jirani yake. Watu walicheka hadi machozi. Aliniuliza kama ugali nausonga kwa kushoto. Aliuliza kama kitandani mume wangu analala ukutani kwa usalama wake. Mwanzoni nilitabasamu. Siku tabasamu lilipoisha, mume wangu aliliona kabla ya wengine.

"Utani huo, mama. Usikasirike."

Pikapu ilipelekwa gereji, ikarudi imenyooka, nami kwa siku chache nikaendesha vizuri, nikaanza kujipongeza kimoyomoyo. Kisha ikarudia. Ikapelekwa tena, ikarudia tena. Wageni wakija, mume wangu aliwatoa nje, akawaonyesha tairi la mbele lililolika upande mmoja, akasema anagharamia kunyoosha ninachokipinda kwa kugonga kingo za barabara. Sikuwa nimegonga ukingo wowote. Nilisema hivyo, na wageni wakatazamana kwa huruma, kama watu wanaotazamana mtoto anapokana kukojoa kitandani.

Alipoendesha yeye, usukani ulikaa umeinama upande na mkono wake mmoja ukining'inia juu yake. Nilidhani ndio umahiri.

Mtihani wa kwanza nilivuka mstari wa njano, mtahini akaandika nimeanguka kabla hatujarudi. Wa pili nilishika usukani kwa nguvu mno, mpaka vidole vikafa ganzi, na tulipoegesha yule mama mtahini aliniuliza kama ninaumwa. Nikaanguka tena. Jumapili iliyofuata mtani alitangaza kwamba amepata dawa. Alichukua mtandio wangu mabegani, akanifunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa kiti, mbele ya watu wote, akasema kula ni kwa mkono wa kulia kwa hiyo sitapungukiwa. Nilikula pilau hivyo hivyo, nimefungwa. Mume wangu aliniongezea nyama kwenye sahani. Aliyenifungua ni mwenye nyumba, wakati wa kukusanya vyombo, kwa sababu alihitaji kiti.

Yule Mkenya aliuliza kazini alama ya wekundu kwenye kifundo cha mkono wangu imetoka wapi. Nilimweleza kwa kucheka, kama nilivyozoea. Hakucheka. Tulipotoka zamu alinipa funguo za gari lake, akakaa upande wa abiria.

Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka, gari lake likaanza kwenda kulia, kwenye nyasi. Nikalirudisha. Likaenda tena.

"Mbona unavuta usukani?" aliuliza. "Wachana nayo. Itaenda yenyewe."

Nikalegeza mikono. Gari likanyooka. Lilikwenda mbele kama maji kwenye mfereji, na sikufanya lolote ila kukaa. Hapo ndipo nilipofahamu mikono yangu ilikuwa imejifunza nini: ilikuwa imejifunza kuvuta kulia, mchana kutwa, kupigana na pikapu. Nitakueleza jambo jingine dogo, litakusaidia siku ukinunua gari. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yateremke pembeni. Kule wanakoendesha kulia, gari zima ukiliachia kidogo litateremka kidogo kulia. Pikapu yetu ilikuwa inapanda mlima kwenda kushoto, na hakuna mkono wa nyumbani unaoweza kufanya hivyo ukiwa haujashika kitu.

"Si wewe, dada," alisema yule mama. "Ni ile gari."

Nilifanya mtihani kwa gari lake, nikafaulu. Nilimkuta mume wangu anapiga pasi shati la kazini. Niliweka karatasi ya matokeo kwenye meza ya pasi, nikamwambia nimetumia gari gani. Aliendelea na kola.

"Nilijua inavuta," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu barafu ya kwanza, kabla hujaja. Niliteleza kwenye kona, nikapiga ukingo. Fundi alisema kuna chuma kimepinda chini, kunyoosha bila kukibadilisha hakudumu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaligeuza shati.

"Mimi ndiye ninayewafundisha theluji. Ningekuambia, ungewaambia. Si umefaulu? Unataka nini tena?"

Nilibaki na kazi. Yule Mkenya alipohama alipata gari jingine, akaniachia lile dogo kwa bei ya kirafiki, nami nikalipenda kama mtu anavyopenda kiatu kilichomkaa. Siku moja nilirudi kutoka zamu nikakuta nafasi ya pikapu ni tupu. Mume wangu akasema amemuuzia mtu, basi.

Mtu huyo nilimjua mchana mmoja wa masika, kwenye karamu Cedar-Riverside. Mtani alikuwa ameletewa mke kutoka nyumbani, binti mpole aliyekaa na sahani magotini. Tulipomaliza kula, mtani alisimama, akashika sahani yake kama usukani. Nilijua kinachokuja kabla hajainama. Alieleza kwamba anamfundisha mkewe kwa pikapu aliyouziwa na rafiki yake, na mikono ya mke, jamani, bado haijapata viza, iko nyumbani inaendesha kushoto. Akainama, akaanguka. Watu wakacheka kama zamani. Mume wangu, aliyekaa kushoto kwa mtani, alicheka kuliko wote. Aliinama hadi paji la uso likagusa magoti. Yule binti aliangalia wali wake.

Nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama nyumbani aliwahi kuendesha gari.

"Hapana, dada," alisema. "Hata baiskeli."

"Basi mtani," nikasema, "hiyo mikono ilijifunzia wapi kuendesha kushoto?"

Kicheko kilipungua, watu wakingoja. Sikuweza kumkaripia mume wangu mbele za watu, mila haikuniruhusu. Mtani niliruhusiwa.

"Mtani wangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna chuma kimepinda chini tangu barafu ya kwanza. Aliyeteleza akakipinda amekaa hapo kushoto kwako anacheka. Muulize fundi alimwambia nini."

Chumba kikalipuka. Walipiga makofi, walipigana mabega. Mtu mmoja alinyanyuka akamwigiza mume wangu akiteleza, mikono hewani, macho yametoka, na mwingine akadai arudie. Wote aliowahi kuwaigiza walikuwa mle ndani. Mtani hakucheka. Alimtazama mume wangu, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu, na yule binti akainua macho kwa mara ya kwanza. Mume wangu aliendelea kutabasamu, meno nje, kwa sababu ukikasirika, aliyekosa ni wewe. Waliendelea mpaka chai ikaisha. Mimi sikuwakatiza.

Kurudi niliendesha mimi. Tulipovuka mto, akasema:

"Umeniaibisha."

Barabara ilikuwa imenyooka. Nilikuwa nimeshika usukani kwa vidole viwili.

"Utani huo, baba," nikamwambia. "Usikasirike."