Panya Aliyetanua Miguu

Mjomba wangu hutunza panya kwenye maabara ya utafiti. Mtaani wanamwita Paka.

“Paka, leo umekula wangapi?”

“Wao wamekula. Mimi bado,” hujibu.

Panya wake si wa darini. Wamezaliwa na hitilafu ya jeni inayoharibu ubongo, ileile aliyonayo Kidoti, binti yake wa pekee. Kidoti alikuwa ameanza kuita “baba”. Neno likapotea. Siku hizi anasugua viganja kutwa nzima, kama mtu anayenawa bila maji.

Mimi na maswali yangu! Likizo hii nilimganda mpaka akanipeleka kazini, nikavishwa koti linaloburuzika. Akamwinua kwa mkia panya mmoja aliyetobolewa sikio kuwa alama. Miguu ya nyuma ikajikunja, ikakumbatana.

“Mgonjwa hufanya hivi. Mzima huitanua.”

Nikaikumbuka mikono ya Kidoti.

Wiki iliyofuata mjomba alirudi nyumbani mbiombio, viatu hakuvua. “Mke wangu! Yule mwenye tundu sikioni, dawa tunayoijaribu imemkubali! Ametanua miguu!”

Mkewe akaacha kumlisha Kidoti, kijiko kikabaki hewani. “Na huyu je?”

Kesho yake mjomba akamuuliza daktari wa utafiti kama Kidoti anaweza kupewa dawa hiyo, nami nikiwa pale pale.

“Kaka, kwa kipimo hicho mtoto ataharibika ini,” daktari alisema, hamtazami. “Tupo mbali bado. Ningekuwa na ya kumfaa, ningekuficha?”

Kisha akaomba aletewe yule wa tundu sikioni. Ubongo wake lazima utolewe, uangaliwe.

“Lakini si amepona?” nikaropoka.

“Ndiyo maana, mjomba,” mjomba akanijibu taratibu.

Huko wana utaratibu wao: panya wa kwenda kuuawa hubebwa na mtu aliyemzoea, maana akiingiwa na hofu, majibu yanaharibika. Mtu huyo ni mjomba. Akamtia kiganjani, akamfunika kwa kiganja cha pili, akatembea naye polepole akimnong’oneza, “Tulia, mwanangu, tulia.” Panya akatulia kweli. Mlango ukafungwa, nikabaki nje.

Jioni nilimkuta kitandani kwa Kidoti, mikono ya mtoto imo ndani ya yake, imetulia tuli. Mkewe akaita, chakula tayari.

Mjomba akaiachia. Ikaanza tena kusuguana.

“Kuleni,” akasema, akaishika upya.