Cheti Nilichokitia Plastiki

Mjukuu wangu Jenipher alirudi Mikumi mwezi wa nane akitokea Uturuki, na tangu alipotua begi hakukaa kitako. Anaketi kwenye mkeka, anachambua mchicha nusu fungu, mara huyo kainuka, kaingia chumbani, kafungua faili lake la buluu, kahesabu karatasi, karudi. Anachambua majani mawili, anainuka tena. Mchicha nilimalizia mimi.

Nimemlea mwenyewe. Mama yake, binti yangu Agatha, yuko Lumuma na mumewe Laurent, wanalima vitunguu. Huyu nilimchukua akiwa ameachishwa ziwa tu, nikasoma naye mpaka alipofika hesabu nisizozijua. Sasa anasomea mambo ya maji katika mji unaoitwa Konya. Watu wa hapa wakisikia mtoto yuko nje wanadhani ameshafika, kazi yake ni kusoma na kupiga picha kwenye theluji. Na mimi nilidhani hivyo. Kumbe kule mgeni anaishi kwa karatasi. Ana kadi, wanaiita kibali cha kuishi, na ile ya Jenipher ilikuwa inakwisha tarehe kumi na tano mwezi wa tisa. Kabla ya hapo alitakiwa awe amepeleka maombi mapya, na safari hii walitaka cheti cha kuzaliwa kilichogongwa mhuri na Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma. Asipokuwa nacho, kibali hapati. Bila kibali chuo hakimpokei, na ufadhili anapewa mwingine. Ndege yake ilikuwa tarehe kumi.

"Bibi, cheti changu kiko wapi?" aliniuliza siku ya pili.

Nilikitoa sandukuni kinang'aa.

Sisi tuliokaa Mabwerebwere, pale Kilosa mjini, tuna tabia hiyo. Maji yalipoingia Kilosa mwaka elfu mbili na kumi ukianza, nyumba yangu ilibaki msingi, na sanduku nilipolifungua nilikuta uji: cheti changu cha darasa la saba, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, vyote uji. Nikahamia Mikumi kwa kaka yangu. Tangu hapo karatasi ikiingia kwangu haimalizi wiki bila kupigwa laminesheni, ile plastiki ngumu inayochomwa pande zote mbili. Vyeti vya ubatizo, cheti cha Jenipher, hata kadi ya chanjo ya mbwa.

Jenipher alikigeuza, akakigeuza tena.

"Bibi, sasa mhuri utagongwa wapi?"

"Juu yake."

"Wino haushiki kwenye plastiki. Na wameandika kabisa, cheti chenye laminesheni hakipokelewi."

"Basi hao maji hayajawahi kuwaingilia ndani."

Alicheka kidogo.

Kesho yake nikampeleka kwa Zabron, mwenye steshenari karibu na stendi, ambaye ndiye aliyekichoma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ulikitia, sasa kitoe."

"Bibi, mimi natia tu. Kutoa sijawahi."

"Una pasi?"

"Bibi, tuache," Jenipher akasema. "Tutafute njia nyingine."

"Mke mwenzangu, nyamaza," nikamwambia, maana marehemu babu yake alikuwa anamwita mke mdogo. "Tia kitambaa juu, Zabron. Pasi ya vuguvugu."

Alitia. Plastiki ikalainika, pembe ikainuka, tukapumua. Kisha ikainuka na ngozi ya karatasi. Namba ya juu ikaenda na plastiki. Zabron akajaribu upande wa chini, nako mhuri na tarehe ya kuandikishwa vikabaki ukungu. Akazima pasi bila kuambiwa.

Siku zote Jenipher hutembea nyuma yangu. Siku ile alitangulia mbele hadi nyumbani, hakugeuka. Sikumwomba radhi. Nilimwambia tu, "Panga begi lako lote. Kesho Kilosa."

Ofisi ya wilaya tulimkuta kijana mwenye adabu, Elia, amesimama kabisa kunisalimia. Akakitazama kile cheti, akauma mdomo ili asicheke.

"Kupewa kingine si tatizo, bibi. Namba ya ingizo ndiyo nataka, nijue kitabu gani na ukurasa gani."

"Nina picha kwenye simu," Jenipher akasema kwa haraka. Aliitafuta, akaipata, akaikuza. Mwanga wa kamera ulikuwa umepiga kwenye plastiki palepale penye namba. Weupe mtupu.

"Umezaliwa lini?"

"Elfu mbili na nne, mwezi wa tano. Berega, hospitalini."

Elia akaleta kitabu cha mwaka huo. Hakumo. Wa mwaka uliofuata, hakumo. Jenipher alikuwa anakaa kwenye benchi, anainuka, anakwenda dirishani, anarudi kusoma tangazo lilelile ukutani. Mama mmoja aliyekaa pale akamsogezea mtoto wake, akamwambia, "Dada, nishikie huyu, angalau utulie." Hakusikia.

"Inawezekana hakuandikishwa," Elia akasema.

"Kijana, hiki nilichoshika ni nini? Chapati?"

"Sijakataa, bibi. Ila vitabu ni vingi na watu ndio hao. Mniachie, mje wiki ijayo."

"Wiki ijayo natakiwa niwe Dodoma," Jenipher akasema.

Nikaketi. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini siku nilizoishi ninazo. Hatukumwandikisha alipozaliwa, nani aliandikisha watoto siku zile? Tulimwandikisha baada ya mafuriko, nilipoona mtu bila karatasi anavyozungushwa. Nilikuja naye kutoka Mikumi, na nilikuwa nawahi kurudi kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Si mwaka wa maji. Ule uliofuata.

"Tafuta elfu mbili na kumi na moja," nikamwambia Elia. "Siku moja kabla ya Majivu. Mbele yetu alikuwa mama wa Kisukuma, wafugaji, na mapacha wake wachanga. Alinipa mmoja nimshikie, Doto, akanikojolea kanga yote."

"Bibi, kitabu hakiandiki mkojo."

"Kinaandika Kulwa na Doto. Anayefuata ni huyu."

Akatazama kwenye simu Majivu ya mwaka ule ilikuwa lini, akaingia stoo. Alipotoka alikuwa ameshaweka kidole kwenye ukurasa. Tarehe nane mwezi wa tatu. Kulwa Mashauri. Doto Mashauri. Jenipher Laurent, na jina langu pembeni, Bibiana, mtoa taarifa.

Jenipher aliweka kichwa mezani kwa Elia. Hakulia, alikiweka tu.

Nilidhani yamekwisha. Tukaambiwa tuje Ijumaa. Ijumaa mwenye kusaini alikuwa vijijini. Jumatatu vilevile. Tulikuwa tumefikia kwa mdogo wangu Regina, na Jenipher alimfagilia uwanja mpaka ukabaki mawe. Kila jioni aliniambia zimebaki siku ngapi kufika ndege: kumi na mbili, kumi na moja, tisa. Jumanne saa nane mchana kikatoka, karatasi laini, mhuri mbichi. Nikanyoosha mkono nikisome.

"Bibi, wewe usikiguse. Utakikimbiza kwa Zabron."

"Shika adabu."

"Nimeshika na cheti."

Akapanda treni ya umeme kwenda Dodoma na begi lake. Wizarani walimgongea mhuri Ijumaa, akateremkia Dar moja kwa moja, Mikumi hakurudi. Tarehe kumi akaruka. Tarehe kumi na mbili akanipigia, maombi yamepokelewa, amepewa karatasi ya kuishi nayo wakati anasubiri kadi. Nikashukuru Mungu, nikala vizuri.

Kadi yenyewe ilitoka mwezi wa kumi na moja.

"Ya muda gani?" nikamuuliza.

"Mwaka mmoja, bibi."

"Na masomo yamebaki miaka mingapi?"

"Miwili."

"Kwa hiyo mwakani tena."

"Mwakani tena."

"Cheti hichohicho?"

"Sijui. Wanaweza kutaka kingine kabisa. Bibi, ngoja nikate, kuna mwenzangu mlangoni, Mrundi, kadi yake inakwisha Ijumaa na hajui aanzie wapi."