Siku Niliyofanywa Mgeni Nyumbani

Mpaka leo nikisikia harufu ya nafutalini, mgongo hujinyoosha wenyewe. Mama Zena alizitia zile tembe nyeupe za kufukuza nondo kwenye sanduku la vitu vya wageni, na kitambaa cha sanduku lile kilitandikwa mara moja tu kwa ajili yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Msinicheke.

Mama Zena hakunizaa. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, naye, jirani tu, akanichukua akanilaza kitanda kimoja na Zena wake. Ndivyo tulivyoishi Palma, kaskazini ya Msumbiji, mpaka gesi ikaonekana baharini na rasi ya Afungi, jirani yetu, ikazungushiwa ua wa kampuni. Watu wakaja kutafuta kazi kutoka kila upande. Mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo kutoka bara, ambaye sikuwahi kumwona. Alipata kazi ya upishi, akapanga nyumba, kisha akaenda serikalini kudai mtoto wa marehemu kaka yake. Alikuwa ameambiwa kwamba nimefanywa mtumishi.

Basi dona, ndivyo tunavyomwita bibi wa ofisini, yule wa ustawi wa jamii, akatuma habari kwamba atakuja kututazama. Mama Zena akaapa hakuna atakayeniona nimeshika hata ufagio. Akanivisha gauni la Idi, akaniketisha kitini, sahani ya maua mbele yangu juu ya kile kitambaa, akamwamuru Zena aninawishe mikono. Zena alininawisha huku akinibinya vidole. Nilistahili, maana nilikuwa nimevimba kichwa.

Dona alikaa mkekani, akauliza taratibu nani anachota maji, nani anakuna nazi. Kila swali Mama Zena alijibu kwamba ni Zena. Mwishowe dona akaweka kalamu chini.

"Mama Zena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka sita hapa."

Mama Zena akanisogezea sahani karibu zaidi. Nikaogopa kweli kweli kwamba nitachukuliwa.

"Mama anadanganya," Zena akasema. "Nazi anakuna huyu, tena vibaya, anakuna mpaka kifuu."

Loo, nilisahau gauni, nikasahau serikali. Nilimrukia, tukashikana nywele. Mama Zena naye akasahau. Akatutenganisha, akatufokea sote kwa pumzi moja, akaniambia nivue gauni nikaoshe vyombo. Dona akainamisha uso kuficha kicheko, akaokota kalamu.

Alirudi mara nyingi baada ya hapo. Aliwakalisha pamoja Mama Zena na baba mdogo mpaka wakazoeana, hata baba mdogo akawa anakuja Jumapili kunifundisha Kimakonde, lugha ya baba yangu. Mimi nikabaki.

Siku ile niliosha vyombo nimenuna, nikiona nimeonewa. Leo namlea mtoto wa marehemu rafiki yangu, na kila mgeni anayebisha hodi hunishtua moyo. Sasa ndipo najua: asubuhi ile Mama Zena aliniogopa, kwa kuwa nilikuwa nimegeuka mtoto wa watu. Alipokuja kunifokea, alikuwa amenipata tena.