Msiba wa Bwire na Sauti ya Dijei

Mbuzi wawili, gunia la muhogo na sufuria tatu za wali: hiyo ndiyo gharama ya msiba wa mtu aliyekuwa hai. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, kwa sababu nami nilikula.

Ilikuwa Nansio, wakati wa ujana wangu, nikinunua dagaa pale na kuwavusha kwenda kuuza Mwanza. Jioni tulijazana kwenye banda la video la Juma, ambaye wote tulimwita Dijei. Kazi yake ilikuwa kuzima sauti ya filamu na kuwasemea wahusika yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Mhindi akilia, Dijei analia. Mchina akitukana, Dijei anatukana, tena matusi ya Ukerewe. Vita vilipozuka Uarabuni akanunua dishi, akawa anatutafsiria na taarifa ya habari vivyo hivyo.

Jirani yangu, Mama Bwire, alikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo Bwire alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, huko huko Uarabuni, katika mji uliokuwa ukipigwa mabomu. Jioni moja Dijei akakaza sauti: "Bandari imekwisha! Wafanyakazi wageni hakuna aliyepona!" Mama Bwire akaanguka palepale.

Kesho yake turubai likafungwa, mbuzi wakachinjwa. Baba wadogo wa Bwire, huku wakila, wakaanza kuulizana mpaka wa shamba la marehemu unapita wapi. Mama angenyolewa kichwa asubuhi inayofuata, kama desturi ya msiba, kisha shamba ligawanywe.

Jioni hiyo nilirudi bandani. Sikwenda kwa wema, nilitaka tu kujua. Picha zikawa zilezile za jana: moshi, gari jeupe, mtu anakimbia na kandambili ya mguu mmoja. Safari hii Dijei akasema hao ni maadui, wamekomeshwa. Nikashtuka. Mtu akikuuzia gunia lilelile mara mbili, si utamuuliza?

"Dijei, Kiarabu umejifunzia wapi?"

"Kiarabu gani? Mimi natazama sura. Mtangazaji akikunja uso, nami nakunja."

"Na wafu wa bandarini?"

"Watu wamelipa, kaka. Nikisema sijui, si watahamia kwa mwenzangu?"

Nikamfuata Maalimu Idi, mzee wa madrasa aliyejua Kiarabu. "Shikamoo Maalimu. Njoo utusikilizie." Taarifa iliporudiwa, Dijei akafungua sauti ya mtangazaji. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema bandari imepigwa. Waliokufa ni nani, anasema bado haijajulikana."

Nikainuka kwa furaha. Akanivuta shati. "Kaa. Na huyu naye ni mtu wa upande mmoja wa vita. Wa upande wa pili anasemaje?" Nikakaa. Akanitazama. "Wewe ukinunua dagaa unaingiza mkono mpaka chini ya gunia. Kifo cha mtoto wa jirani umekinunua kwa kutazama juu juu?"

Tukaenda msibani. Maalimu akaomba wembe usubiri, na shamba lisubiri.

"Nisubiri nini, Maalimu?" Mama Bwire akauliza.

"Mtu aliyemwona kwa macho."

"Na mbuzi waliochinjwa?" baba mdogo mmoja akadakia.

"Hao kweli wamekufa."

Wiki zikapita, mama yule hali vizuri, halali vizuri. Ndipo simu ya dukani ikaita, ni Bwire mwenyewe. Bwire alikuwa amehamishiwa mji mwingine kabla ya mabomu. Mama yake alipokea kwa mikono miwili, akamuuliza kama amekula.

Mwanangu, vita vya mbali siku hizi vinakufuata hadi chumbani kwako huko Kiseke. Kila picha ikikujia, jiulize sauti iliyo juu yake ni ya nani, kama huyo mtu alifika huko, na anapata nini wewe ukilia au ukichukia. Kisha katafute na upande wa pili, maana kila upande una Dijei wake. Usipopata jibu, sema sijui. Haigharimu mbuzi.

Mungu akulinde na kilio cha bure, na walio mbali nawe akuletee sauti zao wenyewe.

Nami nina shida. Juzi simu yangu imeniletea mwanamke anasimulia vita kwa Kiswahili safi, machozi yanamtiririka. Wajukuu wanasema hayupo popote duniani, ametengenezwa na mashine. Dijei nilimuuliza, akanijibu. Huyu ambaye hayupo, ninamuuliza vipi? Nishauri, mwanangu.