Jicho la Pili la Bezabih

Wubit aliolewa na mchoraji mkaidi, na majirani mjini Gondar walimpa pole tangu siku ya arusi. Mumewe, Mersha, alichora makanisa. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni: mtu mwema huchorwa uso mzima, macho mawili makubwa, mwovu huchorwa upande, jicho moja, asipate kumtazama anayesali. Anayevunja kanuni hiyo heri akauze vitunguu.

Wanajeshi wakatwaa nchi. Bezabih, mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyekwisha kuwapeleka vijana kumi na mmoja wasikorudi, akataka mkutano wake wa hadhara uchorwe ukutani mwa ofisi. Mersha alichora umati wote, kila mtu na macho yake mawili. Hata punda aliyapata. Bezabih peke yake akamchora upande.

Watu walicheka kwa kujificha. Bezabih aliupaka ukuta chokaa na Mersha akafungwa siku hiyo hiyo, kisha Wubit akaitwa ofisini. Akaambiwa mumewe akikubali kuchora upya, macho mawili, jioni hiyo watakula pamoja nyumbani kwao.

Kila Jumapili Wubit alimpelekea mikate ya injera gerezani, akambembeleza.

"Mwongezee jicho moja tu, mume wangu! Hata dogo kama punje ya dengu!"

"Wale kumi na mmoja mama zao watapita pale, Wubit."

"Na mimi je? Mimi si mtu?"

Mersha aliinamisha kichwa. "Wewe ndiye mtu wangu. Mkono ndio hautaki."

Wubit alimtukana njia nzima kurudi nyumbani. Lakini alipoupita ule ukuta mweupe alipunguza mwendo. Serikali yenye vifaru ilikuwa inamwomba mumewe jicho! Hakujua kama alikuwa ameolewa na mpumbavu au na mtakatifu, na jambo hilo lilimtisha.

Mwaka wa sita wa kifungo wanajeshi wakaanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Bezabih akatupwa katika chumba kile kile cha Mersha. Mwaka wa saba Mersha akaachiliwa, kichwa cheupe, kipande cha gunia la unga kifuani. Wubit alikikunjua. Bezabih kwa mkaa, uso mzima, macho mawili.

"Miaka saba nakuomba! Leo unampa bure?"

"Aliwataja wote kumi na mmoja, kwa majina, mbele yetu, analia. Kesho yake wakampiga risasi. Nimechora nilichokiona."

Wubit alikusudia kukitia motoni. Alikitazama, nacho kikamtazama, na mikono ikakataa. Tangu azaliwe alikuwa hajapata kuona macho yenye majuto kiasi kile. Akakitundika.

Wiki ile mama yake Bezabih, aliyesikia habari za picha ile, alikuja, akasimama nje ya mlango, shuka usoni, akiogopa kufukuzwa.

"Binti yangu, sina hata kaburi la kulilia."

Wubit alikitundua kile kipande mwenyewe. "Huyu hapa, mama. Anakutazama."

Bibi kizee akalibusu jicho la kwanza, kisha la pili.