Kompaila Haibahatishi, Baba Naye Habahatishwi

Nilikuwa najisifu, tena hadharani, kwamba lugha ninayoandikia programu haihitaji kuambiwa kitu. Lugha nyingine, niliwaambia wenzangu kwenye kibanda cha chai pale Kayanga, ni za watu wasiojiamini: kila kitu lazima ukitangazie aina yake, hii namba, hili jina. Yangu inatazama ulichoandika, inaelewa yenyewe. Walinisikiliza kwa adabu, maana chai nilikuwa nanunua mimi.

Kazi niliifanyia nyumbani Bweranyange, kwenye nyumba ya baba, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa ambacho kila mtu alijua kitakuwa changu. Baba hakuwahi kutamka. Kwetu mzee akimtaja mrithi mbele ya mashahidi ni kama anaita kifo, na yeye alikuwa ametoka kulazwa juzi tu. Ukimgusia, anajibu, "Inaeleweka." Mimi nikaelewa, bila shaka, nilivyotaka kuelewa. Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu mkubwa aliyerudi kutoka kwa mume, na dada ni mwanamke. Hesabu nyepesi hiyo.

Basi kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa kikanipa kazi. Hao wana utaratibu wao: wakulima wawili wanakaguana mashamba, jozi mbili zinaungana zikaguane, kisha jozi za jozi, hivyo hivyo mpaka kijiji kizima. Walitaka programu ya kuhesabu wakulima waliomo kwenye fungu lolote. Nikacheka. Unaandika fanksheni moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, inayojiita yenyewe, kila ikijiita inazama ngazi moja, basi. Niliahidi siku moja.

Kompaila, yaani ile programu inayokagua ulichoandika kabla ya kukubali kukiendesha, ikagoma. Mwanzo fanksheni inashika fungu la wakulima. Ikijiita, inashika fungu la jozi. Ikijiita tena, fungu la jozi za jozi. Kompaila yangu yenye akili za kuzaliwa ilikwishaamua kwamba fanksheni iliyoanza na wakulima itakufa na wakulima, ikanikaripia: mkulima hawezi kuwa jozi ya wakulima! Ahsante sana, hata kuku wa jirani wanajua.

Siku tatu nilipigana nayo. Nikaandika fanksheni ya wakulima, nyingine ya jozi, nyingine ya jozi za jozi, nikafika ya tano nikajiona mjinga. Dada alikuwa akitoka kutandaza nyasi chini ya migomba ananiletea ndizi za maharage, ananikuta natukana ukuta. "Kwani haikuelewi?" akauliza. Nikamwambia aende zake, hayo si mambo ya jembe. Akaenda zake, kwenye jembe.

Siku ya nne kiburi kikaisha. Juu ya fanksheni nikaandika mstari mmoja, ule niliokuwa nikiwacheka wanaouandika: hii inapokea fungu la kitu chochote, pamoja na namna ya kukihesabu kitu hicho, inatoa namba. Kompaila ikakubali papo hapo. Kumbe kitu kinachojiita chenyewe huku kikibadilika kila ngazi hakibahatishwi. Unakitangaza mwanzoni, halafu kompaila inabaki kukagua tu.

Nikatoka na busara hiyo mpya kama mtume. Jumapili baada ya ibada, baba mdogo na jirani yetu walikuja kumjulia hali baba. Mashahidi hao! Nikawaamkia shikamoo, nikakaa, nikaanza mahubiri. "Baba, mambo ya kueleweka yanaleta ugomvi. Tamka, tuandike, watu wapumzike." Nilikuwa nimeshaleta karatasi na kalamu, ndiyo haraka niliyokuwa nayo.

Baba mdogo akakunja uso. Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Haya, andika. Kibanja hiki ni cha dada yako."

"Hee!" baba mdogo akaruka. "Mwanamke? Ukoo utasemaje?"

"Ukoo haujawahi kupalilia hapa," baba akasema. "Na huyu mwanaume wako hajui hata mgomba upi ulianguka mwaka huu. Andika, mwanangu. Wewe si ndiye uliyetaka iandikwe?"

Nitasema ukweli: nilimchukia baba, nikamchukia na dada, na nikaona aibu kubisha, kwa sababu mgomba ulioanguka kweli sikuujua. Niliandika jina la dada kwa mkono wangu. Baba mdogo akatia saini kama anayemeza shubiri.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, amesikia yote. Hakupiga kigelegele. Miaka mitatu tangu arudi, mimi sikuwahi kujiuliza baba akifa yeye ataenda wapi. Niliona ni jambo lake.

Akaweka sahani chini, akapiga goti mbele ya baba. "Ahsante, baba," akasema. "Ila ongezeni na hili: chumba cha mdogo wangu kibaki chake, asije akakosa pa kwenda."